Kioo Nilichokiosha

Mwezi uliopita nilikwenda Binza, pale Maswa, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu, na huko nikasifiwa mbele ya watu kwa jambo ambalo limekuwa likinichoma kwa karibu miaka thelathini. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai, sahani ya pilau magotini, napambana na mfupa, mara mkono mkavu ukanishika bega. Nilipogeuka nilimwona bibi mfupi aliyejifunga kitenge kichwani, pengo la meno mawili mbele, anacheka. Sikumtambua mpaka aliposema, "Milembe, mayu, umenisahau hata mimi niliyekupikia michembe?" Alikuwa Mayu Sayi, yaani Mama Sayi kwa Kisukuma, mke wa marehemu mzee Maduhu, waliokuwa wenye nyumba wangu kule Bariadi. Tulikumbatiana, pilau ikamwagika, hatukujali. Kisha akawaita wajukuu zake watatu, vijana warefu wenye simu mikononi, akawaambia kwa sauti iliyoushinda muziki: "Mwamkieni huyu. Huyu ndiye aliyeona nywele kwenye damu ya babu yenu. Hospitali nzima vipofu, huyu binti peke yake akaona." Vijana wakaniinamia mmoja mmoja. Nilishtuka kiasi cha kusahau kuitikia shikamoo zao. Nywele niliziona, ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili, ile mbaya, mama huyu hakuwahi kuambiwa. Nilipofika nyumbani niliumwa kichwa siku mbili. Mimi ni mtu wa hasira, waliofanya kazi chini yangu watawaambia, na hasira yangu kubwa kuliko zote nimeielekeza kwangu mwenyewe tangu mwaka ule. Naiandika sasa ili itoke.

Ulikuwa mwaka ambao soko huria liliingia Bariadi kwa miguu yote miwili. Leo mji ule ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, una lami na mataa. Wakati huo ulikuwa wilaya tu ndani ya Shinyanga, vumbi jekundu na mabati. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti kipya cha msaidizi wa maabara na koti jeupe lililonizidi mikono, nimepangiwa hospitali moja ya pale kwa kipindi cha majaribio. Nilipanga chumba kwa mzee Maduhu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na ukuta ambao haukufika kwenye paa, kwa hiyo hakuna neno lililosemwa chumba cha pili ambalo sikulisikia. Nilisikia redio, nilisikia kikohozi, nilisikia ndoa yao nzima. Nililipia chumba, lakini chakula walikataa kabisa nijipikie. Mayu Sayi alisema binti anayekula peke yake chumbani huzoea uchoyo. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, siku nyingine dagaa, siku nyingine maziwa mgando, na asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga mpaka ikawa tamu kiasi kwamba nilichelewa kazini.

Mzee Maduhu alikuwa ameachishwa kazi mwaka huo huo. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa mtu wa madaraja kwenye kinu cha kuchambulia pamba cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kuchukua pamba kiganjani, kuivuta kwa vidole gumba mpaka nyuzi zilale sambamba, kuitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha kutamka: safi, au fifi, ile ya daraja la chini. Neno lake lilikuwa la mwisho. Wakulima wa Sapiwi na Nkololo walimwogopa kuliko mkuu wa wilaya. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wananunua safi na fifi kwa bei moja, yenye maji, yenye mchanga, wanapakia na kuondoka kabla ya mwenzao hajafika, na mtu wa madaraja akawa hana kazi ya kufanya duniani. Vidole vyake havikukubali. Akiwa mezani alivuta uzi wa kitambaa, akautazama, akaurudisha. Kila sweta la mtumba nililonunua sokoni alilishika kwanza na kunipa hukumu. "Hili wamekuibia, Milembe. Hii si pamba hata kidogo, ni plastiki inayojidai." Mayu Sayi alimzomea, "Mwache mtoto wa watu avae!" na sisi tulicheka.

Msimu ule wa ununuzi pamba iliruka mji mzima. Malori yalipita na magunia yaliyopasuka, na nyuzi nyeupe zilinasa kwenye miiba, kwenye nywele za watoto, kwenye mboga. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nyavu lililotazama barabara hiyo, na ukifika asubuhi ulikuta nyavu zimeota ndevu. Mkuu wangu, Bwana Magese, alikuwa mtu mzima mwenye upole na uchovu, aliyesoma vioo vya malaria, vile vipande vyembamba vya kupakia damu, kwa miaka mingi kiasi kwamba alisema akifumba macho bado anaviona. Alinifundisha mengi, na la kwanza lilikuwa hilo: pamba. Uzi ukitua juu ya kioo cha damu kabla hakijakauka, chini ya darubini unakuwa mkubwa kama kamba, na vijana wageni hudhani wamegundua mdudu. "Ukiona nyuzi, Milembe, osha kioo, anza upya. Usinipotezee rangi ya kupakia vioo." Nilicheka naye. Nilikuwa nimeshadhani nimegundua wadudu wawili.

Ilikuwa katika siku hizo nilipoanza kumsikia mzee Maduhu nyuma ya ukuta. "Sayi, nimechoka." "Umechoka na nini, na umeshinda umekaa?" "Ndiyo nakuambia sasa." Alikuwa mtu mpana wa mabega, na mabega yakaanza kuchongoka. Homa zilikuja, zikaondoka, zikarudi. Kilichokua ni tumbo tu, na lilikua upande wa kushoto, gumu, likishuka kutoka chini ya mbavu. Kwetu hilo halikumshangaza mtu. Bandama, wakasema. Nchi ile ya malaria na vidimbwi, bandama iliyovimba ilikuwa kitu cha kawaida kama kuku uani. Kila ukoo ulikuwa na mtu mwenye nayo. Duka la dawa lililofunguliwa karibu na stendi, moja la yale mapya ya watu binafsi, lilimuuzia klorokwini mara tatu. Mwishowe Mayu Sayi alinikabidhi mumewe kama mtu anayekabidhi mzigo wa kupeleka kinuni. "Nenda naye kazini kwako, mpime hiyo damu, mayu. Wewe si ndiye mtaalamu wetu?"

Nilijisikia mkubwa siku ile, nakiri. Nilimkalisha kwenye benchi nje ya mlango wa maabara, nikamchoma kidole, nikaandaa vioo viwili kama nilivyofundishwa. Malaria hakuwa nayo. Damu yenyewe ilikuwa pungufu, seli nyekundu chache na nyeupe chache, na nilikuwa tayari kuandika "upungufu wa damu" na kufunga, nilipozikuta. Zilikuwa seli nyeupe za mviringo, na ukingoni mwake zilikuwa zimeota nywele, nyembamba, pande zote, kama ukingo wa kitambaa kilichofumuka. Niliita, "Bwana Magese, njoo uone." Akaja, akainama, akarekebisha miwani, akatazama muda ambao leo naweza kukuambia ulikuwa mfupi mno. "Pamba," akasema, akarudi kwenye kiti chake. "Osha." Na mimi nikakiosha. Nilikishika kioo kile chini ya bomba, nikakisugua kwa sabuni ya unga na kitambaa mpaka kikang'aa, nikakirudisha kwenye boksi la vioo safi. Kisha nikatoka nikamwambia mzee Maduhu, aliyekuwa bado kwenye benchi ameshika kofia yake mkononi, kwamba damu imepungua, ale mboga za majani, na hana malaria. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

Miezi ikasogea. Msimu ukaisha, malori yakaondoka, na mzee Maduhu akakonda mpaka saa yake ikawa inazunguka kwenye mkono. Hapo ndipo yakaanza maneno. Nilikuwa pale bombani na ndoo yangu, wanawake wawili mbele yangu hawajui ninakoishi. "Yule wa madaraja, umemwona?" "Nimemwona. Ndiyo ule ugonjwa wa siku hizi." "Na mkewe je?" "Mkewe naye anasubiri zamu." Miaka ile neno ukimwi halikutamkwa, lilizungukwa, kama shimo njiani. Nilirudi na ndoo nusu kwa sababu nilishindwa kusubiri ijae. Nilimkuta Mayu Sayi jikoni anasonga ugali, na kwa jinsi alivyokuwa anausonga nilijua maneno yalishamfikia. Akasema bila kuinua uso, "Watoto wa dada yangu hawali tena hapa. Wanasema wameshiba." Alipelekwa kupimwa, mzee, na kipimo kikasema hana. Watu hawakukiamini kipimo. Mimi nilikiamini, na ndiyo maana nilizidi kuogopa, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu kingine kinachomla mtu ninayekula naye, na hakuna aliyejua jina lake.

Nikampima tena. Mara hii nilifunga dirisha, nikafunika kioo kwa sahani mpaka kikakauka. Na nyavu za dirisha zilikuwa safi, nataka hilo lieleweke. Msimu ulikuwa umekwisha na hakuna uzi hewani. Nilipoinama kwenye darubini zilikuwepo, nyingi kuliko mwanzo. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Pamba haichagui, inaanguka popote, juu ya seli nyekundu, juu ya nafasi tupu. Hizi zilichagua. Ziliota kwenye aina moja tu ya seli nyeupe, zikaziacha nyingine zote. Nilimwita Bwana Magese kwa mara ya pili. Alikuja akiwa na kikombe cha chai. "Pamba hiyo. Inakaa hata kwenye chupa ya rangi, inakaa mwaka mzima. Osha." Nikasema, "Lakini bwana, dirisha nilifunga." Akanitazama juu ya miwani, bila ukali, na akasema maneno ambayo yalinimaliza: "Milembe, wiki ijayo naandika ripoti yako ya majaribio. Nisiandike kwamba hujui kutofautisha seli na uchafu."

Siku ya kwanza niliamini. Siku hiyo ya pili sikuamini, na nilinyamaza. Hii ndiyo nusu ya habari ambayo Mayu Sayi hana. Nilichofanya ni kitu kimoja kidogo cha kiwoga: sikukiosha kioo. Nilikiandika jina na tarehe kwa kalamu yenye ncha ya almasi, nikakifunga kwenye karatasi ya daftari, nikakitia kwenye mfuko wa koti, na jioni nikala ugali na mwenye damu hiyo, tukichovya bakuli moja. Alinisukumia vipande vikubwa vya samaki. "Kula, kazi ya macho inataka samaki," alisema. Nikala. Ripoti yangu ilitoka nzuri.

Mwezi na zaidi ulipita hivyo. Kisha mchana mmoja, mvua za kwanza zikiwa zinatishia tu, nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa mbele umefungwa. Nilizunguka nyuma. Mayu Sayi alikuwa ameinama kwenye karai anafua blanketi, na maji ya karai yalikuwa mekundu. Nilidhani rangi ya blanketi inatoka. Kisha nikaona mikono yake. "Nimemleta fundi kutoka Nkololo," akasema, macho yamemtoka. "Amechanja tu, mayu, kama wanavyochanja watu wote. Amechanja juu ya bandama ili ishuke. Sasa haikomi." Niliingia ndani. Mzee Maduhu alikuwa amelala kwenye mkeka, tumbo wazi, na juu ya ule uvimbe kulikuwa na mistari ya chale fupi fupi, nyembamba, zilizopakwa dawa nyeusi. Na kila mstari ulikuwa unatoa damu taratibu, bila haraka, bila kukoma. Khanga mbili zilikuwa zimeshalowa. Mganga mwenyewe, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa amechuchumaa pembeni ameshika tumbo la mgonjwa kwa viganja vyote viwili. "Nimechanja watu tangu baba yangu," akaniambia. "Sijaona. Damu ya huyu haijui kuganda." Sikuweza kumlaumu. Yeye alikuwa hajui. Mimi nilikuwa na kioo mfukoni.

Hapo ndipo nilipopigwa na mshtuko ambao haujawahi kunitoka sawasawa. Nilisikia mtu analia kwa sauti, nikatazama ni nani, nikakuta ni mimi. Mnunuzi mmoja wa pamba aliyekuwa amebaki mjini alituazima pikapu yake, tukamlaza mzee nyuma, mganga akakataa kushuka. Alikuja naye mpaka wodini, ameshikilia khanga zile. Walimfunga bandeji, wakamwongezea damu, ya shemeji yake na ya yule mganga pia, maana ililingana. Nililinganisha damu hizo mimi, kwa mikono isiyo yangu.

Kwa bahati, na sijui niiite nini zaidi, juma lile ndilo alilokuja daktari bingwa kutoka Mwanza aliyezungukia wilaya mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alibonyeza tumbo la mzee Maduhu, akakunja uso, akasoma majibu yote, kisha akaja mwenyewe maabara. "Nani anasoma damu hapa?" Bwana Magese akasimama. Mimi nikatoa karatasi ya daftari mfukoni, nikaifungua, nikamwekea kile kioo mezani. Akakiweka chini ya darubini. Alitazama muda mrefu, akasogeza kioo, akatazama tena, kisha akasema polepole, "Mungu wangu." Akatuita tuone kwa zamu. "Huu si uchafu. Hizi ni seli zenyewe, zimeota nywele. Hii ni saratani ya damu, lakini si ile inayoua kwa wiki. Ni aina adimu, inatembea polepole. Nimeisoma vitabuni, na katika kazi yangu yote huyu ni mgonjwa wa pili kumwona. Ile bandama ndiyo ghala lake: inameza chembe za damu yake, hata zile za kuigandisha, na kuziweka humo, ndiyo maana haigandi." Kisha akaisoma tarehe niliyoiandika kwenye kioo. Akanitazama mimi, akamtazama Bwana Magese. Nilimwona anahesabu. "Umefanya vizuri kukitunza," akasema, na akageuka. Bwana Magese alikaa, akavua miwani, akaanza kuifuta, na nilipokwenda kula na kurudi bado alikuwa anaifuta.

Kesho yake daktari alijaribu kuvuta uboho kutoka kwenye mfupa wa nyonga, na sindano ikarudi kavu mara mbili. Mayu Sayi, aliyekuwa ameshika miguu ya mumewe, alipiga kelele kwamba sasa hata mifupa imekauka. Daktari akamtuliza: ugonjwa huu ndivyo ulivyo, hujaza uboho mpaka hauvutiki, na ukavu ule ni ushahidi mwingine. Akaeleza dawa. Huko nje, alisema, wanayo mpya ya kutundikwa kama maji kwa wiki moja, lakini hapa nchini hajawahi kuiona. Iliyopo ni kisu: kuitoa bandama yote, kule Mwanza, baada ya kumjaza damu. "Anaweza kufa mezani?" Mayu Sayi aliuliza. "Anaweza. Lakini akibaki hivi atakufa kwa mswaki ukimchubua fizi." Mzee Maduhu akasema kutoka kitandani, kwa sauti iliyokuwa imebaki nyembamba, "Itoeni. Nimeibeba vya kutosha."

Waliondoka, nikabaki peke yangu na nyumba. Wiki tatu nilikuwa nalala upande wao wa ukuta kwa sababu kimya cha kule kilinitisha. Mtaa mzima sasa ulikuwa na habari mpya, kwamba si ule ugonjwa, kwamba ni nywele, kwamba binti mpangaji ndiye aliyeziona, na wale wale wa bombani wakanipisha nichote kwanza. Nilichota. Nilizipokea sifa zote, moja moja. Siku dereva wa basi alipoleta ujumbe kwamba amepasuliwa, na bandama iliyotolewa ilikuwa nzito kama mtoto mchanga, na mgonjwa ameomba uji, niliketi kwenye kizingiti nikacheka na kulia mpaka watoto wa jirani wakakimbia.

Alirudi mvua zikiwa zimeshika, na kovu limemkata tumbo. Damu yake ilipanda wiki hadi wiki, mimi mwenyewe niliipima. Alipewa kidonge cha kuzuia malaria cha kumeza maisha yake yote, na onyo kwamba homa yoyote asiilalie. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Lakini siku ile ninayotaka kuisema alikuwa na wiki mbili tu tangu arudi, amekaa barazani anamenya viazi, Mayu Sayi ameenda shambani, na mimi nikashindwa. Nilipiga magoti. Nilimwambia yote, kioo cha kwanza nilichokiosha, cha pili nilichokificha, ripoti yangu, samaki.

Hakuacha kumenya mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Mlisema ni nini?"

"Pamba, baba."

"Pamba." Akalirudia neno. Akaanza kucheka, akajishika kovu, kicheko kikakatika. "Nani alisema ni pamba?"

"Bwana Magese."

"Magese amefanya kazi kinu gani?"

"Hajafanya, baba."

Akamaliza kiazi alichoshika, akakiweka kwenye sufuria. "Mayu asijue. Akijua atakunyima chakula, na mimi nitakosa wa kula naye. Kesho nipeleke nikaone."

Asubuhi tulikwenda pamoja, polepole, yeye na fimbo. Bwana Magese alipomwona mlangoni alisimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mzee Maduhu alimsalimia vizuri, "Mwangaluka," akavua kofia, akaketi kwenye kiti changu. Nilimwekea kile kioo, nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha. Kwanza hakuona kitu. Kisha mgongo wake ukanyooka, na vidole gumba vyake, juu ya meza, vikaanza kuvutana taratibu, kama vimeshika kitu.

"Hii si pamba," akasema. "Kwenye mafunzo walituonyesha pamba kwa mashine kama hii. Uzi wa pamba umejisokota, unapinda kama utepe. Hizi zimesimama tu." Hakuinua jicho. "Hata mkulima wa mwaka mmoja hawezi kuziita pamba."



"Milembe. Ile siku ya kwanza, mlipokuwa mnaulizana hapa, mimi nilikuwa wapi?"

"Nje, baba. Kwenye benchi."

Akageuka, akatazama mlango uliokuwa wazi, na benchi lilionekana, na mama mmoja amekaa juu yake na mtoto mgongoni. Alipima umbali ule kwa macho, bila haraka, kama alivyokuwa akipima kila kitu.

"Mngeniita," akasema.